Taa waliotoweka: Jinsi jino dogo linavyozaa jina la kisayansi

MNAMO mwaka wa 2002, jarida la Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin, Ujerumani, lilichapisha jina jipya la samaki ambaye hakuna binadamu aliyewahi kumwona akiogelea. Jina lenyewe ni Engaibatis schultzei. Mwenye jina alielezwa kuwa taa aliyeishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, mahali ambapo leo ni kusini mwa Tanzania.

Waliompa jina hilo, Gloria Arratia, Jürgen Kriwet na Wolf-Dieter Heinrich, hawakuwa na mwili wake. Hawakuuona mkia, mapezi wala uti wa mgongo. Walichokuwa nacho ni meno yaliyotoka katika miamba ya Tendaguru, mkoani Lindi, kilima kile kile ambacho Wajerumani walikichimba kati ya 1909 na 1913 wakapata mifupa ya dinosau mkubwa anayesimama hadi leo katika ukumbi wa makumbusho hayo ya Berlin.

Msomaji anayekutana na habari hii kwa mara ya kwanza ana haki ya kushuku. Je, jino lisilozidi punje ya mchele laweza kumtosha mtu kutangaza kuwa amemjua samaki mzima, tena samaki wa spishi ambayo haikujulikana? Na ikiwa amekosea, nani atajua?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Karibu kila tunachodai kukijua kuhusu taa wa zama za kale kimejengwa juu ya meno. Jengo lote hilo lategemea jinsi meno hayo yalivyosomwa, na hayasomwi vivyo hivyo na kila mtu.

Tuanze na sababu ya kutegemea meno. Kiunzi cha taa, kama kilivyo cha binamu yake papa, hakikutengenezwa kwa mfupa. Ni gegedu, ile tishu nyumbufu iliyo katika sikio na ncha ya pua ya binadamu. Samaki huyu anapokufa, gegedu huoza na kutawanyika. Ni mara chache sana tope laini humfunika upesi, mahali pasipo na hewa, hata umbo lake lote likahifadhiwa ndani ya jiwe.

Meno ni kisa kingine. Yamefunikwa na utando mgumu wenye madini ya fosfeti ambao hustahimili mamilioni ya miaka ardhini. Isitoshe, taa habaki na meno aliyozaliwa nayo. Safu ya mbele ikichakaa hung'oka, nayo safu ya nyuma husogea mbele kuchukua nafasi yake, na mambo huendelea hivyo hadi siku ya kufa. Samaki mmoja basi huacha sakafuni mwa bahari au mto meno mengi sana, ilhali mwili wake anao mmoja tu.

Kuyapata si kazi ya sururu na jembe. Wataalamu huchukua magunia ya mashapo, huyaloweka, huyapitisha kwenye chekeche zenye matundu madogo mno, kisha huchambua mabaki chini ya hadubini, punje baada ya punje. Mwamba wa chokaa huyeyushwa kwa asidi hafifu ya aina ile iliyomo katika siki, ambayo hula chokaa na kuliacha jino. Ni kazi ya subira, na wengi waliowahi kuifanya hukiri kwamba macho huumia kabla ya mgongo.

Elimu hii ina umri mrefu. Mnamo 1697, tabibu Hans Sloane, yule ambaye mkusanyo wake ulikuja kuwa msingi wa Makumbusho ya Uingereza, aliandika katika jarida la Shirika la Kifalme la London kuhusu vipande vya ajabu vilivyochimbuliwa Maryland, Marekani, na vingine Uingereza. Sloane alikuwa ameishi Jamaica na aliwajua taa wa bahari ya huko. Akavilinganisha vipande hivyo na sehemu ya kinywa cha taa na kuonyesha kuwa ni kitu kimoja. Aliuita ulimi, kwa kuwa kibao cha meno ya taa wa jamii hiyo hufanana kweli na ulimi wa jiwe. Alikosea neno, lakini alimpata mnyama.

Njia yake ya kulinganisha jino lililokufa na kinywa kilicho hai ndiyo inayotumika mpaka leo. Tofauti ni kwamba sasa wataalamu wanajua watazame wapi.

Jino la taa lina sehemu mbili, taji juu na mzizi chini. Taji huonyesha kazi. Likiwa bapa na pana, mwenyewe alikuwa akisaga kombe, konokono na kaa. Likiwa na ncha, huenda alikuwa akikamata windo laini linaloteleza. Mikunjo, vijivimbe na mistari iliyo juu ya taji huwa kama chapa, na mara nyingi ndiyo hutenganisha spishi moja na nyingine.

Mzizi nao husema habari za ukoo. Katika taa wengi, mzizi umegawanywa na mfereji mmoja katikati, ukabaki na ndewe mbili kama kwato za mbuzi. Katika jamii ya pungu, yule taa mwenye mapezi mapana kama mabawa, mzizi umechanwa na mifereji mingi iliyo sambamba, hata unafanana na chanuo. Mtaalamu akiona chanuo hicho, tayari amefuta nusu ya maswali yake.

Pungu pia wana meno yaliyoshikana kama vigae vya sakafu. Katika wale wa jenasi ya Myliobatis, safu ya katikati ina meno mapana, na pembeni yake kuna safu za meno madogo ya pembe sita. Katika Aetobatus, jenasi ya yule pungu mwenye madoa anayejulikana vyema katika bahari za joto, mkubwa hubaki na safu moja tu. Mtu aliyeokota kipande cha kibao hicho aweza kujua jenasi bila kuona hata pezi moja.

Mpaka hapo, mambo ni mepesi. Ugumu huanza mtu anapotaka kushuka kutoka jenasi hadi spishi.

Katika karne ya 19, wataalamu wa Ulaya waligawa majina kwa ukarimu mkubwa. Louis Agassiz, Mswisi aliyechapisha kati ya 1833 na 1843 kitabu kikubwa kuhusu visukuku vya samaki, aliwapa majina papa na taa wengi kwa meno pekee. Wengine wakamfuata. Kila kibao cha meno kilichochimbuliwa katika udongo wa London au ufuo wa kusini mwa Uingereza kilielekea kupata jina lake, hasa upana wa meno ya katikati ulipotofautiana.

Mnamo 1888, Arthur Smith Woodward wa Makumbusho ya Uingereza aliketi kuyapitia majina hayo. Alitambua jambo ambalo mvuvi yeyote anayepasua taa wa kila umri angeweza kulishuku, kwamba meno hubadilika umbo kadiri samaki anavyokua. Taa mchanga wa Myliobatis huwa na meno ya katikati ambayo si mapana sana. Anavyoongeza umri, meno hayo hupanuka kuliko yanavyorefuka. Mtu anayepima upana na urefu, akaona tofauti na kutangaza spishi mbili, huenda amempa jina mtoto na jina jingine mzazi.

Umri ni mtego mmoja. Kuna mwingine ambao ulionyeshwa wazi miaka mia moja na zaidi baadaye, na kwa maoni yangu ndio unaopaswa kumtia kila mtaalamu tahadhari.

Mwaka wa 1996, Stephen Kajiura na Timothy Tricas walichapisha uchunguzi wao kuhusu nyenga wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, aliye hai, anayejulikana kwa jina la spishi sabina. Waligundua kuwa jike ana meno butu mwaka mzima. Dume naye huwa na meno butu kama ya jike, lakini msimu wa kujamiiana ukikaribia, meno yanayoota kuchukua nafasi ya yale ya zamani huwa na ncha kali zilizopinda. Dume huyatumia kumng'ata jike pezi ili asimponyoke. Msimu ukiisha, meno butu hurudi.

Hebu fikiria maana yake. Samaki mmoja, kinywa kimoja, mwaka mmoja, aina mbili za meno. Lau nyenga huyo angekuwa ametoweka, na meno yake yakaokotwa mchangani baada ya miaka milioni hamsini, mtafiti mwenye haraka angeweza kuapa kuwa mahali hapo paliishi taa wawili, mmoja mla kombe na mwingine mla samaki.

Kuna na mtego wa tatu, wa mahali jino lilipokaa kinywani. La katikati si sawa na la pembeni, na la taya la juu huenda lisifanane na la chini. Ndiyo maana mtaalamu makini haridhiki na jino moja. Hutafuta mengi kutoka tabaka lile lile la mwamba, huyapanga kwa ukubwa na umbo, na kujiuliza kama yote yangeweza kuingia katika kinywa kimoja bila kugombana. Yakikubali kupangika hivyo, ni spishi moja. Yakikataa katakata, hasa mizizi inapotofautiana, hapo ndipo neno spishi mpya huruhusiwa kuingia mezani.

Haya si mambo ya kabati za makumbusho pekee. Mnamo 2023, Guillaume Guinot na Fabien Condamine walichapisha katika jarida la Science hesabu ya papa na taa waliopotea wakati wa maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, yale yaliyowamaliza dinosau. Walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 62 ya spishi zilitoweka, na kwamba taa waliumia kuliko papa, hususan wale waliokula viumbe wenye magamba magumu.

Takwimu hiyo yatufundisha kitu kuhusu bahari inapopatwa na msiba, na nani huangamia kwanza. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake ni meno. Mtu akiwagawa taa wachache kuwa wengi kwa kutojua umri na jinsia, atahesabu vifo ambavyo havikutokea. Akiwachanganya wengi kuwa mmoja, atavificha vifo vilivyotokea. Jina lililotolewa ovyo katika karne ya 19 laweza kupotosha hesabu inayofanywa leo.

Kwa sababu hiyo, utoaji wa majina una sheria zake. Majina ya wavuvi hayatoshi kwa kazi hii. Mvuvi wa pwani yetu huwatofautisha taa, nyenga na pungu, lakini maneno hayo huenda yakabadilika maana mtu akivuka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na hayana nafasi ya samaki ambaye hajawahi kunaswa na wavu. Sayansi hutumia majina mawili mawili, la jenasi na la spishi, kufuatana na utaratibu wa Msweden Carl Linnaeus. Kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina yote ya wanyama.

Sheria zenyewe zimo katika Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Kisayansi ya Wanyama. Toleo la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Atoaye jina sharti alichapishe hadharani, atoe maelezo ya kumtofautisha mnyama wake na wengine, aseme waziwazi kuwa jina ni jipya, na ateue kielelezo cha msingi. Tangu 2012, chapisho la kielektroniki nalo limekubaliwa, mradi liandikishwe katika rejista rasmi kabla ya kutoka.

Kielelezo hicho cha msingi ndicho kiini cha mambo. Katika taa wa kale, mara nyingi ni jino moja, lililopewa nambari na kuwekwa katika makumbusho ambako wengine wanaweza kwenda kulitazama. Jina limefungwa kwenye jino hilo, halikufungwa kwenye maoni ya aliyelitoa. Mtaalamu aweza kufa, nadharia yake ikatupwa, lakini jino likabaki na jina lake. Atakayekuja baada yake akishuku, atakwenda kulifungua sanduku lile lile.

Sheria nyingine ni ya aliyetangulia. Jina la kwanza kuchapishwa kihalali ndilo hushinda. Mfano mzuri unatokana na mahasimu wawili wa Marekani, Othniel Charles Marsh na Edward Drinker Cope, waliogombania visukuku kama watu wanavyogombania mashamba. Mnamo 1877 Marsh alimpa taa wa kale wa Wyoming jina Heliobatis radians. Miaka miwili baadaye Cope akamwita taa huyo huyo Xiphotrygon acutidens, neno la pili likiwa na maana ya mwenye meno makali. Jina la Cope lilimweleza samaki vizuri, pengine kuliko la mwenzake. Halikumfaa kitu. La Marsh lilitangulia, na ndilo linalotumika.

Kanuni haijali hata kama jina linasema uongo. Mnamo 1852 Mfaransa Paul Gervais alilipa kisukuku kimoja jina Onchosaurus akidhani ni cha mnyama mtambaazi wa baharini, kwa maana saurus ni mjusi. Baadaye ilibainika kuwa kilikuwa mwiba wa upanga wa samaki wa jamii ya taa, mwenye pua ndefu kama msumeno. Samaki huyo bado anaitwa mjusi.

Ila kanuni hujali sarufi. Samaki mwingine wa msumeno kutoka kaskazini mwa Afrika alipewa jina la spishi numidus na Émile Haug mwaka wa 1905, kutokana na visukuku vya Algeria. Ernst Stromer alipounda jenasi Onchopristis mwaka 1917, numidus liliendelea kuandikwa kwa miongo mingi. Lakini pristis ni neno la Kigiriki la jinsia ya kike, na jina la spishi lililo kivumishi lazima lipatane na jenasi, kama vile sisi tusivyosema kiti kubwa. Siku hizi wataalamu huandika Onchopristis numida.

Jina la taa wa Tendaguru nalo lasomeka kwa njia hiyo. Batis ni neno la Kigiriki la taa, na hutokea katika majina mengi ya samaki hawa. Engai ni jina la Mungu kwa Wamaasai, jirani zetu wa pande zote mbili za mpaka. Schultzei ni jina la ukoo, Schultze, lililovikwa herufi ya mwisho inayoonyesha kuwa anayeenziwa ni mwanamume. Mtindo huo huo ulitumiwa mwaka 2007 kumuenzi Boheti bin Amrani, Mwafrika aliyeongoza wachimbaji wa Tendaguru, dinosau mmoja wa huko alipoitwa Australodocus bohetii. Heshima hiyo ilichelewa, lakini imeandikwa mahali ambapo haiwezi kufutwa.

Je, kuna wakati mwili ulipatikana ukathibitisha au kukanusha jino? Upo, na visa viwili vyatosha.

Kisa cha kwanza ni cha Cope huyo huyo. Katika kiangazi cha 1876, wiki chache baada ya jeshi la Marekani kushindwa na Walakota na washirika wao katika vita vya Little Bighorn, Cope alikwenda Montana kuchimba kando ya Mto Judith akifuatana na Charles H. Sternberg. Eneo zima lilikuwa na hofu. Miongoni mwa walivyorudi navyo mlikuwa na meno madogo ya pembe sita au umbo la almasi, yenye taji nene lenye mikunjo na mzizi wa ndewe mbili.

Mwaka huo huo Cope aliyaeleza katika machapisho ya Akademia ya Sayansi Asilia ya Philadelphia na kumwita mwenye meno hayo Myledaphus bipartitus. Sehemu ya kwanza imeundwa kwa maneno ya Kigiriki yanayohusu kinu na sakafu, ya pili ni Kilatini na maana yake ni iliyogawanyika mara mbili. Sakafu ya kinu ni maelezo ya haki kabisa kwa kinywa cha kusagia.

Kilichoshangaza ni mahali. Meno hayo hayakutoka katika mwamba wa bahari tu. Yalijaa katika mashapo ya mito, pamoja na kasa, mamba na dinosau. Huyu alikuwa taa wa maji baridi, aliyesaga konokono na kombe wa mtoni wakati dinosau walipokuja kunywa maji. Meno yake ni mengi mno katika miamba ya Montana, Wyoming na Alberta, hata mtu aweza kuyajaza kiganjani kwa muda mfupi.

Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja haikuwa rahisi kusema alikuwa na sura gani na ndugu zake wa karibu ni nani. Jibu lilitoka Kanada, katika hifadhi ya visukuku ya Dinosaur Provincial Park, Alberta, ambako mabaki ya mwili wenyewe yalipatikana. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2005 katika kitabu kuhusu hifadhi hiyo yalimwonyesha samaki mwenye umbo la taa wa gitaa, mbele bapa na nyuma mwenye mkia mnene kama wa papa. Hakuwa na umbo la sahani ambalo wengi wetu hulifikiria tukisikia neno taa.

Jino la Cope halikudanganya. Alikuwa taa kweli, na msagaji kweli. Lakini jino lilinyamaza kuhusu sura. Wala habari haikuishia hapo, kwani mwaka 2014 Todd Cook na wenzake walipochunguza meno ya miamba ya Hell Creek, ambayo ni michanga kuliko ile ya Mto Judith, waliona kuwa baadhi yana vijivimbe ambavyo vya Cope havina, wakatenga spishi nyingine, Myledaphus pustulosus. Kwa muda mrefu meno kama hayo yalikuwa yakitiwa katika mfuko mmoja na bipartitus kwa mazoea.

Kisa cha pili kilikwenda kinyume. Katika miamba ya chaki ya Uingereza, na baadaye Kansas na kwingineko duniani, watu walikuwa wakiokota meno makubwa ya mraba yenye matuta sambamba, kama ubao wa kufulia nguo. Wa kale walidhani ni vipande vya kinywa cha samaki bunju. Agassiz alitambua kuwa ni vya jamii ya papa na taa, na katika miaka ya 1830 akampa mwenyewe jina Ptychodus, yaani jino lenye mikunjo.

Lakini ni papa au ni taa? Mnamo 1887 Woodward, yule aliyekuja kupunguza majina ya Myliobatis mwaka uliofuata, alitazama jinsi meno yalivyopangwa katika safu za kusaga, akamweka karibu na pungu. Hoja ilikuwa nzuri. Anayesaga kombe kwa vibao vya meno leo ni pungu, basi wa kale aliyefanya hivyo yamkini alikuwa wa ukoo huo. Kwa miongo mingi vitabu vilimchora Ptychodus akiwa taa, ametandazika juu ya mchanga. Wengine katika karne ya 20 walipinga na kumhusisha na papa wa makundi yaliyokwisha kutoweka. Hakuna aliyeweza kuimaliza kesi kwa kuwa mashahidi wote walikuwa meno, pamoja na pingili chache za uti wa mgongo.

Kesi iliamuliwa Mexico. Katika machimbo ya mawe ya Vallecillo, jimbo la Nuevo León, wachimbaji wa mawe bapa ya chokaa walikuta samaki wazima waliohifadhiwa pamoja na mstari wa ngozi na mapezi, wa miaka ipatayo milioni 93. Romain Vullo na wenzake walichapisha maelezo yake Aprili 2024. Ptychodus hakuwa taa. Alikuwa papa wa kundi lile lile la papa mkubwa mweupe, mwenye mwili wa kuogelea kwa kasi katika maji ya wazi, na wakubwa wao walikadiriwa kufikia takriban mita 10. Watafiti hao wanaona kuwa aliwinda viumbe wenye magamba kama kasa na amonaiti, badala ya kulala sakafuni akifukua kombe.

Woodward hakuwa mzembe. Alichopambana nacho ni tabia ya maumbile ambayo inawasumbua wataalamu hata leo: chakula hulazimisha jino. Viumbe wawili wasio na undugu wa karibu wakijifunza kula kitu kigumu, vinywa vyao huanza kufanana, jinsi vinu vya makabila mbalimbali vinavyofanana kwa kuwa nafaka ni ile ile. Taji humfuata mlo. Ndiyo maana watu wa fani hii hupenda kuligeuza jino na kuanza na mzizi, ingawa nao una hila zake.

Mabadiliko hayo makubwa hayakuligusa jina. Ptychodus bado ni Ptychodus, na Agassiz bado ndiye mwenye kulitoa, kwa kuwa alilifunga kwenye meno na meno hayajabadilika. Kilichohama ni ukoo wake: katika orodha za uainishaji sasa anasomwa pamoja na papa.